Kumalizia Pigo: Somo kwa Vikundi Vyenye Vijana wa Beseboli



Somo letu mara hii linahusu mchezo. Vikundi vingi vya kujisaidia vina tawi la vijana, na vijana wakikusanyika wanataka mpira. Wengi hucheza kandanda na voliboli. Wengine walicheza raunda shuleni, au softiboli, na sasa wanataka kujua beseboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Majirani wetu wa Uganda wametutangulia. Mwaka wa 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, na hawakurudi mikono mitupu, maana waliwashinda watoto wa timu moja ya jimbo la Oregon.

Kuna jambo moja katika mchezo huu ambalo walimu wengi hulifundisha nusu nusu, na likifundishwa hivyo linaumiza mabega ya watoto. Jambo lenyewe ni kumalizia pigo. Maana yake ni ule mwendo wa gongo na wa mwili baada ya mpira kupigwa. Gongo halisimami pale lilipokutana na mpira. Linaendelea mbele, linazunguka, na kuishia juu ya bega au nyuma ya mgongo.

MPIRA UMESHAKWENDA

Hapa kuna swali ambalo kijana mwerevu atakuuliza, na ni vizuri mwalimu awe tayari. Atasema, "Mwalimu, mpira si umeshaondoka? Sasa vile nitafanya na gongo baadaye itasaidia nini?"

Usimkemee. Amesema kweli.

Hebu tuangalie hesabu. Mrushaji wa watu wazima hurusha kutoka mita 18.44 mbele ya kibao cha mpigaji, na kipimo hiki hakijabadilika tangu mwaka wa 1893. Katika ligi kuu ya Marekani mpira hurushwa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, hata zaidi. Kwa mwendo huo unamfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Gongo nalo likikutana na mpira hawakai pamoja. Wanagusana kwa muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Gongo la mchezaji wa ligi kuu husafiri kwa kilomita 115 kwa saa hivi, na kwa muda huo wa kugusana linasonga sentimita mbili tu. Baada ya hapo mpira umekwenda zake, na hakuna utakalolifanya kwa mikono, kwa kiuno wala kwa kelele litakaloubadilisha njia.

Wataalamu wa fizikia, kama Profesa Alan Nathan wa Chuo Kikuu cha Illinois, wameeleza hata zaidi ya hapo: wakati ule mfupi wa kugusana, mikono yenyewe haina kazi kubwa. Mshtuko wa pigo unaanza kusafiri kwenye gongo kuelekea mikononi, lakini kabla haujafika na kurudi, mpira umeshaondoka. Mwezi wa Mei 2012 mchezaji Todd Frazier wa Cincinnati alipiga mpira huku gongo likimtoka mikononi, na mpira ukavuka ukuta. Hiyo ndiyo homurani, pigo kubwa kuliko yote katika mchezo huu, na alilipata mikono ikiwa wazi.

Basi kama ni hivyo, kwa nini kila mwalimu wa beseboli hupiga kelele, "Malizia! Malizia!"?

SLASHA HAISIMAMI KWENYE NYASI

Jibu liko katika kazi tunayoifanya kila siku. Mtu anayekata nyasi kwa slasha hailengi nyasi yenyewe. Anapitisha. Chuma kinaingia upande huu, kinatokea upande ule, na nyasi inakatika njiani. Mtoto anayejifunza hufanya kinyume. Anaipeleka slasha mpaka kwenye nyasi halafu anaizuia hapo hapo, kwa kuogopa kujikata mguu. Nyasi inalala tu, haikatiki, na jioni mtoto analalamika mkono unauma.

Ni hivyo hivyo na kupasua kuni. Anayejua kupasua haangalii juu ya gogo, anaangalia kule chini shoka litakapotokea.

Sababu ni ya mwili wenyewe. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kusimamisha ghafla kitu kizito kinachokwenda kasi. Gongo la mtu mzima lina uzito wa gramu 900 hivi. Ukitaka lisimame pale mpira ulipo, ni lazima uanze kulizuia kabla halijafika. Kwa hiyo mtu aliyekusudia kuishia kwenye mpira anaupiga kwa gongo ambalo tayari limepungua mwendo. Hajui, na hata ukimwuliza atakuapia ya kwamba alipiga kwa nguvu zake zote. Nguvu alizitumia kweli, lakini nusu yake ilikuwa breki.

Tena hakuna nafasi ya kubadilisha mawazo njiani. Gongo likishaanza kuja mbele, pigo lote huchukua kama sehemu 15 za mia za sekunde. Mchezaji hodari huweza kulizuia mapema akiona mpira ni mbaya, lakini akishalipeleka lote, mwili unatekeleza agizo lililokwisha kutolewa. Kama agizo lilikuwa "fika kwenye mpira", gongo litafika likiwa limechoka. Kama lilikuwa "pita", litapita, na mpira utakuwa njiani.

Ndiyo maana nasema kumalizia pigo si dawa ya kupaka baada ya kupiga. Ni alama inayobaki. Ukikuta alama za tairi barabarani, unajua dereva alianza kushika breki wapi, ingawa gari halipo tena. Vivyo hivyo, pahali gongo lilipoishia panakueleza lilipita vipi pale ambapo jicho lako halikuweza kuona. Jicho la mwalimu haliwezi kuona sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwisho wa pigo linaweza kuuona vizuri sana.

MKONO MMOJA AU MIWILI?

Vijana wengi wamewaona wachezaji wa Marekani kwenye televisheni au kwenye simu. Wanaona mtu kama Ken Griffey Jr., aliyepiga homurani 630, akimaliza kwa mkono mmoja, gongo liko juu, anatazama mpira ukienda. Ni pigo zuri la kutazama kwa kweli. Kesho yake kila mtoto uwanjani anaachia mkono mmoja na kusimama kama picha ya ukutani, hata kama mpira wenyewe umeukosa! Huko ni kuezeka paa kwenye nyumba isiyo na kuta.

Walimu wakubwa wenyewe hawakukubaliana juu ya jambo hili. Charley Lau, aliyefundisha Kansas City, aliwaambia wapigaji wake waachie mkono wa juu baada ya kupiga ili mwendo usikatike. Mwanafunzi wake George Brett alipata mwaka wa 1980 pigo safi katika majaribio 39 kwa kila 100, na katika mchezo huu mtu akifikisha 30 ni hodari. Ted Williams wa Boston alimaliza kwa mikono miwili, na mwaka wa 1941 alipata zaidi ya 40 kwa kila 100. Tangu mwaka huo hakuna mpigaji wa Ligi ya Taifa wala ya Amerika aliyemaliza msimu na 40.

Sasa utamfuata nani? Kwa watoto na wanaoanza, mimi nashauri mikono miwili mpaka mwisho. Kuachia mkono si kosa, lakini mtoto anayeambiwa aachie "baada ya kupiga" huachia mapema, kabla ya kupiga, na gongo linaweza kuruka likampata mwenzake. Akikua na kupata nguvu, mwili wake utaamua.

KUSOMA MWISHO WA PIGO

Hapa ndipo mwalimu anapopata faida. Tuseme mpigaji ni wa mkono wa kulia. Anasimama upande, bega la kushoto likielekea kwa mrushaji, kidevu kikiwa karibu na bega hilo. Akimaliza vizuri, kidevu kitakutana na bega la kulia. Kichwa hakikuzunguka, ni mabega yaliyopita chini yake. Kitovu kitamtazama mrushaji. Mguu wa nyuma utakuwa umesimama kwa ncha ya vidole, kisigino juu. Uzito mwingi uko mguu wa mbele, na anaweza kukaa hivyo bila kuyumba. Gongo limeishia juu ya bega la kushoto au nyuma yake.

Ukiona tofauti na hivyo, usianze kurekebisha mwisho wenyewe. Rudi nyuma utafute kilichouleta.

Kuna yule ambaye gongo lake linaishia mbele ya kifua, mikono imekakamaa. Huyo ameshika breki. Mara nyingi ni mtoto mwoga, au amewahi kugongwa na mpira, au ameambiwa "gusa tu". Mpe mpira laini, mwambie apige hewa kwanza mara kumi.

Kuna anayemaliza akiwa amelalia nyuma, uzito wote kwenye mguu wa kulia, na mpira wake unapaa juu kama njiwa na kudakwa karibu. Huyo amepiga kwa mikono peke yake, miguu haikufanya kazi. Utakuta pia kisigino chake cha nyuma hakikuinuka.

Mwingine gongo linamzunguka chini, kiunoni, kama mshipi. Mipira yake mingi inaburura chini upande wa kushoto. Amegeuza viganja mapema mno, mkono wa juu umeulalia wa chini kabla mpira haujaondoka. Mwambie afikirie kwamba kuna mipira mitatu imepangwa mstari mmoja kuelekea kwa mrushaji, na gongo liigonge yote mitatu ndipo lizunguke.

Halafu kuna anayeanguka kando, upande wa kushoto, na kichwa kimetazama huko. Huyu alitaka kuona matokeo kabla ya kupiga. Bega la mbele lilifunguka mapema, macho yakaondoka kwenye mpira. Ni kosa la watu wenye haraka, na nimeona ya kwamba watu wazima wanalo kuliko watoto.

Mara nyingine utakuta mtu mwisho wake ni mbovu lakini anapiga vizuri. Mwache kwa muda, mwangalie. Wachezaji hodari nao hupiga mipira migumu wakiwa wamepinda kila namna, kwa sababu mrushaji hakuwaletea walipotaka. Kinachofaa kukushughulisha ni mwisho mbovu unaojirudia hata mpira ukiwa mzuri.

BEGA NALO LINA KAZI

Mpaka sasa nimezungumza juu ya mpira. Kuna sababu ya pili ya kumalizia pigo, na kwangu mimi hii ni nzito zaidi kwa watoto.

Gongo linalokwenda kasi lazima lisimame mahali fulani, na atakayelisimamisha ni mwili wako. Ukilipa njia ndefu ya kuzunguka, kazi hiyo inagawanywa: miguu, kiuno, mgongo na mabega yote mawili yanasaidiana. Ukilikatiza ghafla, mzigo wote unaangukia bega la mbele na viwiko. Ni kama gari lililopakia mchanga kuteremka mlima: dereva mwenye nafasi ya kutosha anasimama salama, asiyekuwa na nafasi anaharibu breki.

Na jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba kukosa mpira kunaumiza kuliko kuupiga. Ukiupiga, mpira unachukua sehemu ya mwendo wa gongo. Ukiukosa, mwendo wote unabaki kwako. Madaktari wa michezo wanaijua vizuri shida ya bega la mbele la wapigaji, nyama ya ndani ya kiungo kuchanika upande wa nyuma, na mara nyingi huanza kwa pigo lililokosa mpira. Kwa hiyo mtoto aambiwe: ukikosa, usizuie. Acha gongo lizunguke lote.

Mkono pia una hatari yake. Kitako cha gongo husukuma kiganja cha mkono wa chini, na hapo ndani kuna kijifupa chenye ndoano kinachoweza kuvunjika. Giancarlo Stanton, mmoja wa wapigaji wenye nguvu kuliko wote, alivunjika kijifupa hicho mwaka wa 2015 akakosa sehemu kubwa ya msimu. Kijana akisema kiganja kinauma kila akipiga, asiambiwe avumilie kiume. Apumzike, na maumivu yakiendelea apelekwe hospitali.

NAFASI YA KUZUNGUKA

Gongo linalomalizia pigo linafika nyuma ya mpigaji. Hili ndilo linalosahauliwa viwanjani kwetu, ambapo watoto wanapenda kusongea kuangalia. Sheria ya beseboli inalitambua jambo hili. Mpigaji akikosa mpira na gongo likazunguka mpaka likamgonga mdakaji nyuma yake bila kukusudia, inahesabiwa kukosa tu, mchezo unasimama, na hakuna mkimbiaji anayeruhusiwa kusonga. Mdakaji wa Marekani lakini amevaa kofia ngumu na kinyago cha chuma. Wako hana.

Ushauri wangu ni huu. Kama kikundi hakina vifaa vya kumkinga mdakaji, msiweke mdakaji wakati wa mazoezi. Mpigaji asimame mbele ya ua au ukuta, mpira ujigonge hapo. Wanaosubiri zamu wakae hatua kumi kutoka kwa mpigaji, mbele au nyuma ya kamba iliyofungwa, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe hiyo tu. Mpigaji naye asilitupe gongo anapoanza kukimbia. Aliweke chini.

Gongo likichongwa na fundi wenu, liwe la mti mgumu usio na kifundo wala ufa, na kitako chake kiwe duara laini, kisiwe na kona. Mshikio uzungushiwe utepe wa mpira wa baiskeli ili usiteleze mikono ikitoa jasho. Likipata ufa, hata mdogo, ligeuzwe kuni. Msilifunge kwa waya.

Na msiseme hamwezi kuanza kwa sababu hakuna vifaa. Hank Aaron, mtoto wa familia maskini kutoka Mobile, Alabama, alijifunza kwa kupiga vizibo vya chupa kwa fimbo. Hata alishika gongo kinyume, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, mpaka aliporekebishwa akiwa kijana. Mtu akishika hivyo mikono inafungana na pigo halina njia ya kuzunguka. Kufikia mwaka wa 1976 alipostaafu alikuwa na homurani 755.

MAZOEZI MATATU

La kwanza halihitaji mpira. Chukua fimbo nyembamba, au geuza gongo ulishike upande mnene, upige hewa. Utasikia "vuuu". Sikiliza sauti hiyo iko wapi. Ikiwa kubwa nyuma yako, nguvu zako zimekwisha kabla ya mpira. Tunataka iwe kubwa mbele, pale mpira utakapokuwa na kupita hapo kidogo. Watoto wanalipenda zoezi hili, na asiyeona vizuri anaweza kuwa refa wake.

La pili, funga mpira wa matambara kwa kamba ya mkonge, uning'inize kwenye tawi kwa kimo cha kiuno. Kijana apige, halafu agande pale alipomaliza mpaka mwenzake ahesabu tatu. Akiyumba kabla ya tatu, arudie kwa nguvu kidogo zaidi ya nusu tu.

Vikundi vingine hutumia tairi kuukuu la kugonga. Linajenga mikono, lakini tairi linasimamisha gongo, na mwili unajifunza kusimama. Ukilitumia, kila mapigo matano ya tairi yafuatwe na mapigo kumi ya hewa.

La tatu ni la wawili wawili, na mnahitaji daftari. Mmoja anapiga mpira ule wa kamba mara kumi. Mwenzake haangalii mpira hata kidogo, anaangalia gongo limeishia wapi: begani, kifuani au kiunoni, na kama mpigaji alisimama imara au aliyumba. Anaandika kila moja. Kisha wanabadilishana. Mfanye hivyo siku mbili kwa wiki, na baada ya mwezi mmoja mfungue ukurasa wa kwanza na wa mwisho, muuweke mmoja kando ya mwingine, na kila kijana aeleze mwenyewe anachokiona kwenye mstari wake.